Kinini ya Shofere Bisimwa

Kazi yangu ya kwanza kama muuguzi hapa Bukavu ilikuwa kumshawishi mwanaume mzima aoge. Alikuwa volonteri, mwalimu wa hesabu kutoka Ulaya, amekuja kuwasaidia mapadri wa misheni yetu, na kwao alikuwa ameambiwa kwamba maji ya Afrika hupenya ngozi na kula maini. Wiki ilipokwisha, mapadri walichoka kukaa naye mezani, wakamleta kwenye dispanseri wakisema ana ugonjwa wa harufu. Mimi nilikuwa nimetoka shule juzi tu, nimevaa bluzi nyeupe iliyopigwa pasi mpaka inakata vidole. Nilikuwa tayari kwa vidonda, kwa kifua kikuu, kwa mama anayezaa mapacha. Kwa harufu ya mwalimu sikuwa nimefundishwa.

Mkubwa wangu wa kazi, Papa Bagalwa, alimtazama yule mzungu kutoka mlangoni, akaenda jikoni, akarudi na ndoo ya maji yanayofuka moshi.

"Umuambie maji hii imetokota mpaka badudu yote imekufa," aliniambia. "Umuambie tena, kama hataki kuoga, sisi njo tutamuogesha."

Nilitafsiri sehemu ya kwanza kwa Kifaransa, sehemu ya pili nikaiacha. Mwalimu aliingia bafuni na ndoo yake, na baada ya muda tukamsikia anaimba humo ndani. Papa Bagalwa aliandika kwenye kadi yake: amepona.

Nyinyi wadogo zangu mnaobaki kwenye dispanseri mmeniomba niandike nilivyofanya kazi. Kuhusu vyeo sina la kusema, na kuhusu mshahara, mshahara wa Zaire haukuwa wa kusemwa mbele ya watoto. Nitawaambia habari za volonteri na za shofere wetu, maana humo ndimo nilimojifunza kazi.

Dispanseri yenyewe mnaijua, ile iliyo juu ya Kadutu, mahali mgonjwa anapofika akiwa anahema kwa kupanda mlima kabla hata hujamuuliza anaumwa nini. Asubuhi tulipokea watu wa mtaa. Alasiri ilikuwa zamu ya volonteri. Walikuja kwa makundi, wengine kwa mwezi mmoja, wengine kwa mwaka, kujenga, kufundisha, kupaka rangi kanisa ambalo lilikuwa limepakwa na kundi lililotangulia. Agizo letu lilikuwa fupi: wamekuja wazima, warudi wazima.

Kila mmoja alishuka na hofu yake kama anavyoshuka na sanduku. Kulikuwa na walioogopa nyoka, wakatembea sokoni Kadutu na buti za mpira hadi magotini. Kulikuwa na walioogopa ziwa, walioogopa kupeana mikono, walioogopa vumbi. Mmoja aliniuliza kama chui hupita usiku kwenye ua wa misheni. Nilimjibu kwamba chui pekee niliyemjua mimi alikuwa kofia ya Rais, na anaishi Kinshasa. Hakucheka, na Padri mkuu aliyekuwa karibu aliangalia kwanza nani amesikia.

Lakini mambo ya kuogopwa hawakuyaogopa. Walikataa bugali uliotoka sasa hivi kwenye maji yanayotokota, wakala saladi mbichi iliyooshwa bombani, kwa sababu kwao saladi ni afya. Walipanda juu ya mifuko ya saruji nyuma ya lori, barabara ya Kavumu, wakiimba zaburi na kupiga makofi kwa mikono yote miwili. Katika miaka yangu yote sikumrudisha kwao hata mmoja aliyeumwa na nyoka. Niliowarudisha kabla ya wakati waliangushwa na lori au na saladi.

Msidhani watu wa Kadutu walikuwa na akili zaidi. Kwetu ilijulikana kwamba damu ya mzungu ni tamu kama muwa, kwa hiyo mbu anamruka mweusi akamtafute yeye. Ilijulikana pia kwamba mzungu mwenye miwani ni daktari. Yule mwalimu wa hesabu, baada ya kuoga, alionyeshwa ugonjwa wa ngiri na mzee mmoja mbele ya duka la mkate. Na kulikuwa na jambo moja ambalo Ulaya na Kadutu walikubaliana bila kuitana mkutano: kwamba malaria ni ugonjwa wa mgeni, na mweusi amekwisha kuchanjwa na maziwa ya mama yake. Ulaya walisema hivyo ili wasitume vidonge vya kututosha sisi. Sisi tulisema hivyo kwa maringo.

Papa Bagalwa hakukubali. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye sauti ya kuombea rozari, na alinifundisha hivi: Bukavu iko juu, kuna baridi, mbu ni wachache. Mtoto wa Sange, kule chini kwenye bonde la Ruzizi, akipona homa za utotoni mwili wake unazoea. Mtoto wa Bukavu hajazoea kitu.

"Mushi, mutu wa mulima kama siye, akishuka Ruzizi iko muzungu," alisema. "Wanaachana tu mu sanduku ya maiti. Ya muzungu iko ya zinki."

Kwa hiyo aliweka sheria yake. Kila anayejiandaa kushuka bondeni, mweupe kwa mweusi, atameza kinini, ile dawa ya malaria, kila Siku ya Mungu baada ya misa, mbele ya macho yake, na atafungua kinywa kukaguliwa. Vidonge vya sisi weusi alivichota kwenye sanduku la dawa za volonteri, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Watu waliiita foleni hiyo komunyo ya pili. Padri mkuu alilalamika kwamba ni kufuru. Papa Bagalwa alimjibu kwa heshima zote kwamba ile ya kwanza ni ya uzima wa milele, na hii ni ya kufika Jumatatu.

Kulikuwa na shida moja nayo, na nyinyi mliokuja nyuma hamkuiona sana. Kinini ile, ambayo kwenye kopo iliandikwa klorokwini, ilituwasha. Si upele, si vidonda, ngozi inabaki safi kabisa, lakini mwili mzima unawasha kutoka nyayo hadi utosini, unajikuna mpaka unatamani ukuta wenye saruji isiyolainishwa. Wazungu hawakuwashwa hata kidogo, kwa hiyo waliona tunasema uongo. Alipita daktari mmoja wa kukagua volonteri, akatueleza kwa muda mrefu kwamba kuwashwa huko ni mawazo tu ya watu ambao hawajazoea dawa. Papa Bagalwa hakubishana naye. Alikuwa amemeza asubuhi ile, akakaa kwenye kiti cha mbele akijikuna mkutano mzima, mgongo, shingo, na ndani ya viatu.

Sasa niwaambie juu ya Bisimwa. Alikuwa shofere wa misheni, mzaliwa wa milima ya Walungu, mtu mkubwa, mwenye koti la sufu aliloachiwa na padri mmoja mzee na ambalo alilivaa hata siku za jua, kwa cheo. Gari la misheni, jipu, aliliita lake. Alikipangusa kila kitu ndani yake asubuhi na jioni, na kwa kuwa alichukia tumbaku, hakuna aliyevuta humo, awe padri au ofisa wa chama. Kisahani cha majivu cha gari lile kilikuwa safi kuliko sahani zetu za jikoni.

Bisimwa na kinini walikuwa wamegombana zamani. Alimeza siku moja, na kesho yake akamwoza binti yake. Alijikuna tangu kanisani hadi kwenye kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, na wakwe wakaondoka wakinong'ona kwamba baba wa bibi-arusi ana upele. Kuanzia hapo alikuwa na jibu moja.

"Mi niko mutu wa hapa," alikuwa akisema. "Mbu ya Zaire inanijua."

Lakini sheria ilikuwa sheria. Kila tulipojiandaa kushuka alipanga foleni kama wengine, akapokea vidonge, akanywa maji, akafungua kinywa mpaka ukaona chakula cha juzi, akasema "aaa". Na hakujikuna tena. Alisema mwili umezoea, na sisi tukampongeza.

Mwaka mmoja, mvua zilipoanza, alifika Mademoiselle Odile. Nilivyoelezwa, alikuja kwa mwaka mzima kufundisha wamama kushona. Nilivyoona mimi, alikuja kufa. Alishuka na kasha la bati lililojaa dawa, kubwa kuliko la nguo zake, na shingoni alikuwa na kipimajoto ndani ya kifuko, kama wengine wanavyovaa msalaba. Kila asubuhi alikuwa mlangoni kwangu na ugonjwa mpya. Alikuwa na kijitabu cha homa za nchi za joto, na ukurasa wa malaria ya ubongo aliujua kama Baba Yetu: kwanza baridi kwenye jua, kichwa, kutetemeka, halafu mtu anaanza kusema ovyo.

"Nsimire," aliniambia siku moja, amepauka, "leo nimesahau jina la shangazi yangu. Ni ubongo?"

Nilimwambia huenda ni shangazi ndiye hana maana.

Hakumpa mtu mkono. Alisalimu kwa kuinama akiwa mbali, mikono nyuma, na wamama wa Kadutu wakadhani ni mtawa wa aina fulani wakamheshimu. Bisimwa alimwita Mademoiselle Mugonjwa. Yeye naye hakuingia kwenye jipu kabla ya kumuuliza kama amekagua breki, na Bisimwa alikuwa akinigeukia mimi na kuniuliza, kwa Kiswahili ili asikie vizuri, kama huyu mutoto yeye alizaliwa na breki.

Basi tukatumwa Sange, sisi watatu. Misheni ilikuwa inafungua dispanseri ndogo kule, mimi niipange, Odile afundishe wamama kushona mashuka na vyandarua. Papa Bagalwa alibaki na wagonjwa wetu. Tuliteremka ule mteremko wa Ngomo, barabara iliyokwanguliwa ubavuni mwa mlima, gari moja tu linaenea, na mto Ruzizi uko chini kabisa. Ukifika bondeni joto linakukumbatia kama shemeji aliyelewa. Kule kuna mashamba ya mpunga, vyura, na mbu wanaokuja kabla jua halijazama. Odile alilala ndani ya chandarua, alisali ndani ya chandarua, na siku za kwanza alitaka kufundishia humo. Bisimwa alilala ndani ya jipu, madirisha wazi, apate hewa. Kila Siku ya Mungu niligawa kinini. Odile alimeza, mimi nikameza nikajikuna, Bisimwa akasema "aaa".

Tulikaa wiki tatu. Odile alianza kubadilika, taratibu. Mama mmoja mzee alimtupia mjukuu mikononi akaenda kuchota maji bila kumuuliza, na mtoto akamkojolea, na Odile hakufa. Kesho yake alimshika mwingine mwenyewe.

Siku ya kuondoka nilifanya kama tulivyokuwa tukifanya siku zote. Kwetu huwezi kumtembelea mtu na kikapu kilichojaa, halafu urudi nacho kikiwa vilevile. Muuguzi anayeshuka na dawa na kupanda nazo, watu watasema alikuja kuzionyesha. Niliwaachia zote, hadi pamba na spiriti. Odile alinitazama nikipanga vichupa kwenye rafu. Alitoka nje, akarudi akiburuta lile kasha lake la bati, akalifungua, akasukuma kila kitu upande wa wenyeji. Alibakiwa na kipimajoto shingoni na chupa yake ya maji ya kuchemsha. Wamama walipiga vigelegele mpaka mbuzi wakakimbia. Na kwa kuwa kikapu hakirudi kitupu, walitujazia jipu mchele, nyanya, samaki wakavu wa ndagala, na kuku waliofungwa miguu. Tuliondoka Sange tukiwa na chakula cha arusi na bila hata kidonge kimoja. Ndivyo nilivyojua mimi.

Odile alikaa mbele na Bisimwa, mimi nyuma na kuku. Asubuhi ile shofere wetu hakusema mengi, akafunga kitambaa kichwani, akasema ni usingizi. Tulipopita Kamanyola jua lilikuwa utosini. Jasho lilinitoka mpaka kwenye viatu. Ghafla Bisimwa alipunguza mwendo, akavuta koti lake la sufu, akalivaa, akafunga vifungo vyote.

"Papa Bisimwa, iko baridi?" aliuliza Odile kwa Kiswahili chake cha miezi michache.

"Kidogo tu. Ni ile mupepo."

Hakukuwa na upepo. Nyasi zilisimama wima kama askari. Odile aligeuka akanitazama, na mimi nikainama mbele nikamnusa Bisimwa, maana kuagana kwa jana yake kulikuwa na kasiksi ya kutosha. Nilisikia kuku, nikasikia ndagala. Pombe hapana.

Barabara ilianza kuinuka. Mbele tuliona kizuizi cha Ngomo, ule mti uliolazwa njiani na mlinzi wake, maana magari hupanda kwa zamu na kushuka kwa zamu. Hapo Bisimwa alitoa mkono dirishani akamsalimia mtu kwa Kishi, lugha ya kwao, kwa furaha kubwa.

"Asinge, tata!"

Tata ni baba, na kando ya barabara hapakuwa na mtu. Baba yake Bisimwa alikuwa amekufa, matanga yake nililala mimi mwenyewe. Kisha akamwambia Odile amfunge yule ng'ombe vizuri, asije akaingia kwenye shamba la watu.

Mbele yetu kulikuwa na Ngomo, na aliyeshika usukani alikuwa anachunga ng'ombe wa utotoni.

Odile alinyoosha mkono akazima gari, akachomoa funguo. Yule aliyekuwa anaogopa kushika mkono wa mtu.

"We mutoto mwanamuke, rudisha funguo yangu!" Bisimwa aliguruma.

Odile alizitumbukiza funguo kifuani mwake, mahali ambapo shofere wa misheni hawezi kuzifuata, halafu akamwingiza kipimajoto kwapani na kumbana mkono kwa mikono yake yote miwili. Zebaki ilipanda mpaka mahali ambapo sijawahi kuiona kwa mtu anayeongea.

"Ni ile," aliniambia kwa Kifaransa, na sauti yake ilikuwa imetulia ajabu. "Nsimire, ni ile ya ubongo."

Miezi yote alikuwa ameungoja ugonjwa huo umjie yeye. Sasa aliutambua kwa mwingine kama unavyomtambua mgeni uliyetumiwa picha yake.

"Dawa iko wapi?" aliuliza. Nikatazama mchele. Kuku wakanitazama mimi.

Mlinzi alikuja mbio kuona kwa nini tumesimama. Nilimuuliza kama kuna dispanseri karibu.

"Iko, maman, lakini iko fermé, bamefunga. Infirmier, muuguzi yake, amekwenda kucheza animation ya chama. Gouverneur anapita."

Vijana mnisamehe, mngehitaji kuishi Zaire ile ili muelewe. Nusu ya nchi ilikuwa ikiugua, na nusu nyingine ilikuwa imeitwa kumchezea mkubwa anayepita.

Kurudi Sange kulikuwa mbali, na dereva hakuna. Nilimvuta Bisimwa kwenye kiti cha nyuma kwa msaada wa mlinzi. Nilimuuliza Odile kama anajua kuendesha.

"Lori ya baba. Ya maziwa," alisema. "Kwetu hakuna milima."

Aliketi kwenye usukani, akaanza kutafuta vitu. Gari lile lilikuwa kuukuu, na kila kifaa Bisimwa alikuwa amekihamisha anavyotaka. Odile alivuta kila kinachovutika. Alivuta taa, akavuta vipangusio vya kioo. Kisha akavuta kisahani cha majivu, na kikatoka chote, kikamwagika mapajani mwake.

Vilikuwa vidonge. Vyeupe, vikavu, vizima, kinini ya kila Siku ya Mungu tangu tujiandae kushuka. Bisimwa alikuwa akivibana kiganjani, anakunywa maji matupu, anafungua kinywa kwa moyo mweupe, halafu anavileta kuvitunza kwenye gari lake, maana kutupa dawa ya kanisa aliona ni dhambi.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Siku ile nilicheka huku machozi yananitoka, na nilikuwa na hasira naye kiasi kwamba ningempiga kama asingekuwa anakufa. Nilichagua vidonge vya kutosha dozi ya mgonjwa, nikavisaga kwa kitako cha chupa ya Odile, nikamwinua kichwa. Alikuwa bado anameza. Nilimbana pua, nikamwagia dawa na maji, nikatia kidole nikakagua chini ya ulimi, na nikamfungua viganja vyote viwili.

"Chungu," alilalamika Bisimwa.

Mlinzi alikuwa amerudi kwenye mti wake na kuushikilia.

"Citoyenne, mwanamuke hapandishake Ngomo," alimwambia Odile. "Hata banaume banaanguka."

"Papa, fungua," nikamwambia, "ama leta jembe utuzikie hapa hapa."

Alifungua, akavua kofia, akafanya ishara ya msalaba.

Odile alilia kutoka chini hadi juu. Simaanishi alitoa machozi mawili, alilia kwa sauti, kamasi zikatoka, hakuwa na mkono wa kuzifuta. Lakini mikono ilibaki kwenye usukani na macho yalibaki kwenye barabara. Upande wa kushoto niliona mawe, upande wa kulia sikuona kitu, nikaacha kuangalia. Bisimwa alikuwa amelaza kichwa mapajani mwangu, katikati ya kuku, macho hayaoni, na kutoka kwenye homa ile alimwongoza bado.

"Première! Weka première, mademoiselle! Usikanyage frein!"

Na kila alichosema kilikuwa sawasawa: gia ya kwanza, mguu mbali na breki. Akili ilikuwa Walungu na ng'ombe, lakini Ngomo alikuwa nayo mwilini. Katikati ya mlima alinyamaza, na kunyamaza kwake kuliniogopesha kuliko kelele. Nilimwita jina lake mpaka juu.

Jua lilikuwa linatua tulipoingia lopitali Bukavu. Walimtundikia kinini ya mshipa. Papa Bagalwa alikuja mbio na viatu visivyofungwa, akasimama pembeni ya kitanda. Nilimpa kile kisahani, kikiwa na vidonge vilivyobaki.

"Niliangalia kinywa," alisema polepole. "Mukono sikuangalia."

Tangu siku hiyo, kwenye foleni yetu mtu alifungua kinywa na viganja, askofu akiwemo.

Bisimwa hakuamka siku ile, wala iliyofuata. Mkewe, Maman Nabintu, alikaa kitandani pake akimshika mguu. Mnajua desturi yetu: mgonjwa haachwi peke yake, hata kama daktari anataka. Parokia nzima ilijaa mle chumbani, wakaleta bugali, wakaleta sombe ya majani ya muhogo, wakasali, wakasengenya, wakasali tena. Odile alikuja. Nilidhani atasimama mlangoni na kuinama. Aliingia, akampa mkono kila mama mmoja mmoja, akaketi mkekani kati yao, akachukua mkono wa Bisimwa akauweka kwenye mapaja yake. Mama wa pembeni alimkatia bugali, akala kwa vidole kutoka sahani ile ile.

Mimi nilikuwa nimemzoea Bisimwa kama mtu anavyomzoea kaka yake msumbufu. Nilisimama pale na bluzi yangu nyeupe, na sikuwa na la kufanya ila kuogopa. Niliogopa sana. Nilimwomba Mungu kwa maneno ambayo hayamo kwenye kitabu cha sala.

Ndipo ule mkono uliokuwa mapajani mwa Odile ukajichomoa. Ulisogea polepole juu ya shuka, ukapanda kifuani, ukafika shingoni. Ukaanza kukuna.

"Anajikuna!" Odile alipiga kelele. "Nsimire, anajikuna!"

Wamama walimtazama kwa huruma, wakidhani sasa ni yeye aliyerukwa na akili. Lakini Papa Bagalwa alikuwa ameketi ghafla kwenye ndoo iliyogeuzwa, amefunika uso, mabega yanatikisika. Bisimwa alikuna shingo, akakuna tumbo, akasugua mguu kwa mguu. Kisha akafungua macho, akatuangalia sote, na sauti ikatoka kama mlango mkavu.

"Nani alipandisha gari yangu Ngomo?"

Maman Nabintu alimwonyesha Odile kwa kidevu.

Bisimwa alifumba macho tena. "Aa, mungeniacha tu nikufe."

Odile alipangusa uso kwa kiganja. Alimwaga vidonge vya siku hiyo kutoka kwenye kikombe cha lopitali, akainama juu yake.

"Papa, kufa kesho," alisema. "Leo, kunywa kinini."

Bisimwa alipokea, akaweka kinywani, akanywa maji, akakunja uso wote. Halafu akafungua kinywa kwa mazoea, akasema "aaa". Odile hakuangalia huko. Alinyoosha mkono wake mwenyewe, ukiwa na mafuta ya sombe, akangoja.

Bisimwa alimtazama. Kisha akamfungulia kiganja. Kilikuwa kitupu.